Nyanya za Maji na Mama wa Lumakanda

Jumamosi, 8 Machi

Kwenye yale mafunzo ya siku moja tuliambiwa anayepanda bila udongo aandike kila siku, la sivyo hatajua alikosea wapi. Basi naandika. Mimi ni Isaiah Shikanga, fundi wa mabomba, naishi Shirere kwenye ploti ya nyumba za kupanga. Leo nimefunga mabomba matatu ya inchi nne kwenye ukuta wa nyuma, pale jua linapopiga asubuhi. Nimeyatoboa matundu, nimeweka pipa la maji chini yake na pampu ndogo ya kuyapandisha. Mabomba ni masalio ya kazi. Phoebe, mke wangu, ametoka, akatazama, akauliza kama najenga choo cha ukutani. Nimemwambia angoje msimu wa mvua uishe ndipo aniulize tena.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimeingiza miche ya nyanya. Mawingu mengi, mvua hakuna.

Jumatano, 12 Machi

Mama yake Phoebe anakuja kukaa. Ana sukari, na sasa ana kidonda kwenye mguu. Hospitali ya Mukumu wamesema kisafishwe na kufungwa upya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na akikosakosa, mguu utakatwa. Kutoka kwao Lumakanda mpaka Mukumu kila mara kwa mguu huo, haiwezekani. Mpaka hapo naelewa, mimi si mnyama.

Lakini akae wapi? Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Sisi hata mkono hatupeani. Jina lake silitamki. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Miaka hii yote nimemwona mgongo tu. Kumbe Phoebe alishapanga kila kitu: chumba cha mwisho cha ploti kiko wazi, na mwenye nyumba amekubali. Si nyumba yangu, kwa hiyo si kosa. Mlango wa chumba hicho unafunguka nyuma, uso kwa uso na mabomba yangu.

Nimesema sawa. Ningesema nini? Ila nimekasirika, na hapa naweza kuandika kwamba nimekasirika.

Jumamosi, 15 Machi

Amefika. Niliambiwa nikae dukani kwa Osundwa mpaka ashuke garini na kuingia. Osundwa ni rafiki yangu, anauza misumari, saruji na kamba hapo barabarani. Amenicheka mpaka akakohoa. Anasema mimi ndiye mkimbizi wa kwanza wa vita ambavyo havijaanza.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza, ya kweli. Stima zimepotea mchana kutwa, pampu imelala. Nimemwagia mizizi kwa kikombe.

Utaratibu ni huu: nikitaka kwenda nyuma nakohoa kwenye kona, yeye anajifunika leso kichwani, anaingia, mlango unafungwa. Ndipo napita. Akiwa kwenye kiti chake juani inamchukua muda kuinuka kwa sababu ya mguu, nami nasimama pale na chupa za dawa ya kulisha nyanya mkononi. Mwanamume mzima nabisha hodi kwa nyanya.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Stima zipo.

Jumamosi, 29 Machi

Leo ni kazi ya kamba. Nyanya hizi haziachwi zitambae. Kila mche nimeufungia kamba kutoka kwenye boriti, na kadiri unavyopanda unauzungusha kwenye kamba yake. Machipukizi yanayotoka kwapani mwa jani unayakata, libaki shina moja tu linalokwenda juu. Nimevunja miche miwili nikiikunja. Vidole vyangu vimezoea chuma.

Jumatano, 2 Aprili

Nani amegusa mimea yangu? Nimetoka kazini nikakuta imezungushwa kamba yote, mpaka ile niliyokuwa naiogopa. Phoebe hakuficha. Anasema mama yake hajawahi kukaa bure tangu azaliwe, na kiti kile kitamuua kabla ya sukari. Nikamwambia Phoebe amkataze. Akasema, mkataze mwenyewe. Anajua siwezi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekagua akiwa hospitali. Hajavunja hata jani. Naandika kwa sababu tuliambiwa tuandike ukweli.

Jumanne, 8 Aprili

Mama ameuliza kupitia Phoebe: mmea ambao haukanyagi udongo unashikilia nini? Nimemjibu kupitia Phoebe: unashikilia kamba. Nilikuwa sebuleni, dirisha la nyuma wazi, nikamsikia akicheka. Sikujua anachekaga.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ya mawe kidogo. Maua ya kwanza.

Jumatatu, 14 Aprili

Sasa imekuwa kama kazi ya zamu. Asubuhi mapema, kabla hajafungua mlango, mimi napima maji na kuongeza dawa. Mchana yeye anazungusha na kukata machipukizi. Jioni nakuta machipukizi yamepangwa kwenye sinia, makubwa kwa madogo, ili nione hakukata kisichofaa. Nami nikiona sawa naliacha sinia limeoshwa. Phoebe anasema tunapendana sana kwa watu wasioonana. Nimemwambia anyamaze.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Binti yetu Gentrix amepiga simu kutoka chuoni Eldoret, ameongea na bibi yake kuliko na mimi.

Jumamosi, 26 Aprili

Majani machanga ya juu yamepauka. Mishipa ya jani ni kijani, katikati ni manjano. Sijui ni nini. Mvua tu.

Jumatatu, 28 Aprili

Yamezidi. Maua yanaanguka. Nimempigia aliyeniuzia dawa, nikamwambia ameniuzia maji ya rangi. Ameapa kwa mama yake.

Jumatano, 30 Aprili

Nimepima maji kwa vile vikaratasi vya kupimia uchachu. Kikaratasi kinatakiwa kiwe cha rangi ya limau linaloiva; changu kimekuwa kijani kinachokaribia bluu. Maji yamepoteza uchachu kabisa, na yakiwa hivyo mmea unakaa mbele ya chakula bila kuweza kula. Nimetia siki mpaka yakakaa sawa.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu, niko nyumbani. Nimepima tena. Bluu. Siki yote imekwenda bure. Kuna kitu ndani ya maji haya.

Ijumaa, 2 Mei

Mama alikwenda Mukumu na Phoebe, nikapata nafasi ya kumwaga pipa lote. Chini kulikuwa na tope la kijivu, laini, la kuteleza. Nikalinusa. Harufu ile naijua tangu utoto, ni majivu ya maganda ya maharagwe. Mama zetu huyachoma, wanayachuja kwa maji, na yale maji ndiyo musherekha wa kulainishia mrenda. Chumba cha mwisho hakikosi musherekha, Phoebe huniletea mrenda wa huko kila Jumapili. Na mimi namlaani muuza dawa wa watu.

Nimesafisha pipa, nimeosha mabomba, nimetia maji na dawa mpya. Hapo ningeishia, ningekuwa mtu mwenye akili. Sikuishia. Jioni Phoebe aliporudi nilisimama kwenye kona ya nyumba, mahali ambapo sauti inapita, nikamfokea yeye maneno ya kumfikia mtu mwingine. Nilisema kwenye ploti hii kuna mtu anaua mimea yangu. Nikasema majivu ni ya chooni na ya jikoni, hayaingii kwenye pipa la mtu. Nikasema mgeni akichoka kupumzika aseme apelekwe kwao. Phoebe alinitazama tu, mkoba bado begani.

Nilipomaliza akasema, "Amekusikia."

Nikasema asikie.

Jumatatu, 5 Mei

Mama hakwenda hospitali. Mlango umefungwa. Kiti kiko nje, kinanyeshewa.

Jumatano, 7 Mei

Leo pia hakwenda. Amemwambia Phoebe kwamba mzazi aliyeharibu kitu kwa mkwewe hana uso wa kubaki, na Jumamosi anarudi Lumakanda. Phoebe amelia mbele yangu, jambo ambalo halifanyi. Anasema kidonda kimeanza kunuka tena.

Kisha akanieleza habari ya majivu. Mama aliona vipepeo weupe wadogo chini ya majani. Kwao wadudu wakiingia kwenye mboga, unanyunyiza majivu kwenye majani, yanayobaki yanaanguka chini na kulisha shina. Akanyunyiza. Halafu akafikiri, hizi hazina chini, chakula chao kiko kwenye pipa. Akapeleka majivu kwenye pipa. Kila siku kidogo.

"Alitaka kukusaidia na hangeweza kukuuliza," Phoebe alisema. "Na wewe ulijua na hukuweza kumwambia polepole. Sasa nyinyi wawili mlitaka nani awasemee?"

Nimemtuma akamwambie asiende. Jibu limerudi: aliyoyasikia aliyasikia kwa masikio yake, sio kwa kutumiwa mtu.

Sikuenda kazini mchana. Sina hamu. Mimea imeanza kutoa majani ya kijani na siwezi hata kufurahi.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika yote kwa mpangilio kwa sababu Phoebe ataniuliza tena, na shangazi yake ataniuliza, na kila mtu ataniuliza.

Asubuhi Phoebe alikwenda sokoni kwenye cherehani yake. Alimbembeleza mama yake waende Mukumu, akakataa. Mimi nilikuwa natafuta koleo za kazi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kunyooka, bila upepo. Nikasikia ndoo ikianguka nyuma, halafu kishindo kingine ambacho hakikuwa cha ndoo.

Nilikimbia mpaka kwenye kona, na pale kwenye kona nikasimama. Nikakohoa. Hakuna mlango uliofungwa. Nikakohoa tena, nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza ikinielekea mimi:

"Usikuje, Baba Gentrix. Ita mtu."

Nilichungulia. Alikuwa ameanguka kando ya pipa, ubavu kwenye tope, leso imemtoka kichwani naye anaivuta kwa mkono mmoja afunike uso. Bandeji ilikuwa imefunguka. Nikageuza mgongo haraka nikatazama ukuta. Nikamwambia ngoja, Mama, naita mtu.

Ploti nzima watu wamekwenda kazini. Nilimpigia Phoebe, simu ikalia mpaka ikakatika; cherehani zile zinapiga kelele. Nikampigia Osundwa, akasema yuko Khayega anapakia saruji, anakuja na pikapu, lakini atachukua muda. Nikamwambia Mama kwamba gari linakuja. Akasema, basi tungoje.

Tukangoja. Naona haya kuandika jinsi tulivyongoja. Mimi nimesimama mvuani nikitazama ukuta, yeye amelala mvuani nyuma yangu. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema kidogo. Nilimuuliza alikuwa anafanya nini nje. Akasema alikuwa anatia maji safi kwenye pipa, kwa jagi, apunguze majivu kabla hajaondoka, nisije nikasema aliondoka akaniachia uharibifu. Nikamwambia, Mama, pipa nilishalisafisha wiki iliyopita. Hakujibu.

Nilidhani amekasirika. Nikamwita. Nikamwita tena. Nilipogeuka, leso ilikuwa imeanguka na macho yake yamefumba, na maji yaliyokuwa yakitoka mguuni mwake kwenda mtaroni yalikuwa mekundu.

Nilimbeba. Sikufikiri, na kama ningefikiri bado ningembeba. Nilikuwa nimeishi na mama huyu kama mlima, mtu wa kuzungukwa, na kumbe ni mwepesi. Uzito wa gunia la nusu. Niliingiza mkono chini ya magoti yake, mwingine mgongoni, kichwa chake kikaangukia kifuani kwangu, nikatoka naye barabarani hivyo. Watu wa kibanda cha chai walisimama. Wote wanajua yeye ni nani na mimi ni nani. Tuktuk ikasimama bila kuitwa.

Ndani ya tuktuk alizinduka. Akaona mkono wangu umemshika, akajaribu kujivuta, akashindwa, akavuta leso yangu ya mfukoni akajifunika macho nayo. Tulikwenda hivyo mpaka Mukumu.

Muuguzi alisafisha, akashona palipochanika. Alisema kuanguka si neno, mfupa uko salama. Kibaya ni zile siku alizokosa. Kidonda kimeingia ndani. Wamemlaza na kumwekea dawa ya mshipani. Nilimuuliza kuhusu mguu. Akasema tuone mpaka Jumatatu.

Phoebe alikuja mbio, sindano ya cherehani bado imechomekwa kwenye kola. Swali lake la kwanza lilikuwa mguu. La pili akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilimshika. Nikasema nilimshika. Akakaa kwenye benchi, akanishika goti.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua. Sikugusa mimea.

Jumatatu, 12 Mei

Mguu unabaki. Wamekata nyama iliyokufa tu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari la mikate.

Alhamisi, 15 Mei

Amerudishwa ploti na sasa hataki kabisa kukaa. Kwanza kulikuwa na aibu ya majivu, sasa kuna kubwa zaidi: mkwe amembeba mchana kweupe, kifuani, mbele ya kibanda cha chai. Kwao Lumakanda habari zimeshafika. Phoebe amempigia simu Shangazi Zilpah, dada ya marehemu baba yake, kwa sababu mambo haya hayatengenezwi na watu waliomo ndani yake.

Jumamosi, 17 Mei

Shangazi Zilpah amekuja asubuhi, mnene, mchangamfu, mwenye haraka. Alitusikiliza kila mtu mahali pake: Mama chumbani, mimi sebuleni. Kisha akasema kuogopana ni heshima, na heshima haikuwekwa ili mtu afe kwenye tope. Kilichovunjika kifungwe kwa njia yake. Mimi nitoe blanketi, Mama apike kuku, tupeane mikono, na tangu leo tutasalimiana kama mama na mtoto.

Nilinunua blanketi zito, la rangi ya kahawia. Kuku alipikwa na Phoebe, Mama akikoroga kwa jina tu kutoka kwenye kiti. Tulikutana uani, karibu na mabomba, kwa kuwa ndipo palikuwa na nafasi. Nilimfunika blanketi mabegani. Akatoa mkono. Nikaushika. Ulikuwa mkavu, una sugu kuliko wangu.

Kisha akanitazama. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake yakiwa wazi. Ni macho ya Phoebe, makali zaidi.

"Niliweka majivu kwa sababu zilikuwa zinaliwa," alisema. "Kwetu ndiyo dawa tunawekanga."

"Najua, Mama."

"Na wewe ulipiga kelele."

"Nilipiga, Mama. Nisamehe."

"Usirudie."

Nikasema sitarudia. Akachukua kijiko, akaitafuta imondo kwenye sufuria, firigisi ile ambayo hapewi kila mtu, akaniwekea juu ya obusuma, ugali wangu, kwa mkono wake. Shangazi Zilpah alipiga kigelegele kimoja, akauliza kama chai iko.

Jumatatu, 19 Mei

Nimempeleka Mukumu mwenyewe. Hatukuongea sana. Tumezoea kutoongea.

Jumapili, 25 Mei

Tumegombana kuhusu machipukizi. Yeye anataka kuacha mashina mawili, mimi moja. Ni raha ya ajabu kugombana na mtu moja kwa moja. Tumekubaliana mche mmoja uachiwe mawili tuone.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua. Stima hakuna. Yeye amemwagia mizizi kwa kikombe, sikuwepo.

Jumamosi, 14 Juni

Tumechuma za kwanza. Phoebe amesema nzuri. Osundwa amesema nzuri, akabeba nne. Mama alikata moja, akatia chumvi, akatafuna taratibu, akasema ina maji mengi, haina ladha ya kitu. Niliumia kidogo. Halafu akala ya pili.

Jumanne, 24 Juni

Mvua zinapungua. Mche wa mashina mawili umezaa nyanya ndogo ndogo. Nilisimama karibu nao muda mrefu mpaka akaniambia amekwisha kuona.

Ijumaa, 4 Julai

Leo daktari alifungua bandeji akaita na wenzake watazame. Kidonda kimefunga. Ngozi mpya ni nyembamba, ya waridi, lakini imefunga. Hakuna tena kuja mara tatu. Aje mara moja kwa mwezi, na hiyo hata kutoka Lumakanda anaweza.

Nilifurahi kama mguu ni wangu. Lakini furaha iliniishia kituoni tulipokuwa tukingoja gari. Mwezi wa Machi nilikuwa nahesabu siku za yeye kuondoka. Sasa nilimwona akitazama barabara inayokwenda upande wa kwao, nikahisi vibaya. Sikuwa na haki ya kumwomba abaki. Ana nyumba, ana mahindi, ana kaburi la mume wake la kupaliliwa.

Ni yeye aliyeanza. Alisema amefikiri, ataenda, ila sio sasa. Mtu haachi kazi katikati.

"Nyanya zikiisha, Baba Gentrix, ndio nitaenda."

Nikasema sawa, Mama, zikiisha.

Anazijua nyanya za shambani, zile zinazozaa msimu mmoja, zinakauka, unang'oa. Hizi si hizo. Aina hii ukiishusha shina, ukalilaza chini na kulirefushia kamba, linaendelea kupanda na kuzaa, hata mwaka. Sikumwambia. Nilimfikisha nyumbani, nikamwekea kiti juani, nikatoka kwenda dukani kwa Osundwa kununua kamba.